Nondo wa Mumbi

Siku tulipokusanyika kumlilia Mama Mumbi nilifika mtaa wa Mbotela saa nane mchana, nikaupita mlango wake mara tatu kabla ya kuingia. Mara ya kwanza nilijiambia natafuta mahali pa kuegesha gari. Mara ya pili nilijidai nataka kuona kama duka la kona bado lipo, na kwa kweli halikuwapo. Mara ya tatu mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga viti nje alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Mama, umepotea?" Sikuwa nimepotea. Ndani ya nyumba ile alikuwamo Mumbi, rafiki yangu wa kidato cha nne, aliyefiwa na mama yake, na mimi nilikuwa na jambo nililopaswa kumwambia tangu tukiwa wasichana wa miaka kumi na saba. Njia nzima nilikuwa nimeapa kwamba leo nitalisema. Miguu ndiyo iliyokuwa haijakubali. Imekuwa hivyo maisha yangu yote: pale ninapotakiwa kutulia ndipo inapoanza kuniwasha.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa kina Mumbi. Upande wa dada kulikuwa na kitanda chake, kabati la vyombo na redio ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Upande wangu kulikuwa na dirisha dogo na kitanda cha springi kilicholalamika kila nilipogeuka, nami nilikuwa mtu wa kugeuka sana. Garimoshi la mizigo lilipopita nyuma ya nyumba vikombe vilicheza kabatini, na mimi nilijikuta nimesimama dirishani bila kujua nimesimama lini. Nilitaka kuondoka. Ukiniuliza niende wapi nisingekujibu. Nilichojua ni kwamba nikiona msichana mwingine wa mtaa ule akiolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, nilitafuta mlango. Dada alikuwa akisema, "Nekesa, kaa chini basi, unanipa kizunguzungu," nami nilikaa, na baada ya dakika mbili nilikuwa mlangoni tena.

Chakula kizuri kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mama Mumbi aliamka kabla ya jogoo kuwika, akachemsha viazi vitamu katika sufuria kubwa iliyofunikwa kwa gunia, na harufu yake ilituingia chumbani hata kabla ya mwanga. Yeye aliviita ngwaci, kwa Kikuyu, na mtaa mzima ukaviita hivyo, hata sisi tuliotoka magharibi. Aliwauzia vibarua waliokwenda viwandani, kiazi na kikombe cha chai nzito, wakala wamesimama wakizungumza habari za msimamizi aliyewafukuza wenzao. Viazi vyenyewe alivilima kwenye kipande cha ardhi kando ya reli, mahali ambapo hakuna aliyemruhusu wala aliyemkataza. Aliyajua marando yake, yale mashina yatambaayo, moja moja. Adui yake alikuwa kiwavi mnene mwenye pembe mkiani, anayekula jani usiku na mchana, na kazi ya Mumbi kila jioni ilikuwa kuwaokota viwavi hao na kuwakanyaga. Mumbi aliwakanyaga akiwa amefumba macho. Mimi nilimsaidia, na sikufumba.

Mwalimu wetu wa bayolojia, Mwalimu Shadrack, alikuwa mtu mwembamba aliyevaa sweta moja ya kijani mwaka mzima. Shule yetu haikuwa na maabara, kwa hiyo alitufundisha kwa chochote kilichopita uani. Muhula wa pili alitutangazia kwamba kituo kimoja cha utafiti wa mimea, mbali na jiji, kingechukua msichana mmoja kutoka shule yetu akafunzwe kazi ya maabara, apewe na mahali pa kulala. Msichana mmoja tu. Angemchagua kwa daftari. Kila mwanafunzi angelinganisha viumbe viwili, aandike alichokiona kwa macho yake mwenyewe, mwisho achore. Wengine walipewa chura na mjusi, kuku na bata. Alipofika kwetu alisema, "Nekesa na Mumbi, nyinyi mnakaa karibu na viazi. Mtalinganisha nondo na kiazi kitamu. Kila mmoja na daftari lake."

Darasa zima lilicheka. Mvulana wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, hao wanafanana wapi? Mmoja anaruka, mwingine unapika!"

"Hilo ndilo wataniambia," alisema Mwalimu Shadrack, akafuta ubao.

Basi tulichora mstari katikati ya ukurasa, huku nondo, huku kiazi, na tukaanza kukaa kando ya reli kila jioni. Mumbi alipewa ruhusa ya kuwaacha viwavi wachache wakiwa hai kwenye tuta moja la mwisho, na Mama Mumbi aliitoa ruhusa hiyo kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Mwanzoni niliona mzaha mtupu. Lakini kurasa zilianza kujaa. Nondo anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni. Kiazi kinapumua kwa vitundu vilivyo chini ya jani. Nondo anaanza kama yai kwenye jani. Kiazi hakihitaji hata mbegu, ukikata rando ukalichomeka ardhini linaota. Tulipofika kwenye mstari wa kusonga, mimi niliandika kwa haraka: nondo anaruka, kiazi hakisongi. Niliona nimemaliza. Mumbi hakuandika kitu. Alifunga uzi mwekundu kwenye ncha ya rando moja, akachomeka mti pale lilipofika, akarudi baada ya wiki akapima kwa kiganja. Lilikuwa limesonga kiganja kimoja na nusu, na kila kifundo kilichogusa udongo kilikuwa kimeshika mizizi. "Kinasonga," alisema. "Tofauti ni kwamba kinaposonga hakiachi kilipotoka." Nilitazama daftari langu nikaona aibu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyokaa.

Kuna jambo jingine aliloliona yeye. Kulipopambazuka Jumamosi moja, maua ya viazi yakiwa yamefunguka, tulimwona nondo mkubwa wa kijivu akisimama hewani mbele ya ua, mabawa hayaonekani kwa kasi, ameingiza ulimi mrefu kuliko mwili wake. Alikuwa na mistari ya waridi ubavuni. Mumbi alimwita mama yake mbio. "Mama, ona, ni yule yule! Alikuwa kiwavi akala majani, sasa amerudi kulichavusha ua."

Mama Mumbi alishika kiuno. "Ua la ngwaci ni la nini? Mimi napanda marando. Hiyo ua haijawahi kunipa kitu hata moja. Mwambie arudishe majani yangu."

Sasa nifike kwenye mchezo wa Mombasa-wapi. Kiwavi yule akishiba huingia ardhini, na huko hugeuka kuwa kitu kigumu cha kahawia, chenye kishikio mbele kama cha kikombe, kisicho na mdomo wala miguu. Mwalimu alikiita pupa. Sisi watoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, tulikuwa tumekijua zamani kwa jina letu, maana kila aliyewahi kuchimba udongo alikuwa amekishika kwa vidole viwili akakiuliza, "Mombasa iko wapi?" nacho kikazungusha mkia kikaonyesha. Ulikuwa huwezi kumpita bila kumuuliza. Tulimuuliza mvua itatoka wapi, baba wa fulani amejificha wapi, mume wako yuko wapi. Tulipochimba tuta la mwisho tukawapata wawili, wa Mumbi na wangu, kitu cha kwanza tulichofanya ni kuwauliza. Mumbi alimuuliza wake, "Kile kituo cha utafiti kiko wapi?" Mkia ukazunguka ukaonyesha upande wa Mathare, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwalimu Shadrack aliposikia hakucheka. Alisema ndani ya lile ganda mabawa yanaumbika na ni laini kuliko maji. Tukiendelea kuwashika-shika tutawaharibu. Akatuambia tuwaweke kwenye kopo lenye udongo wa unyevunyevu, na tusimamishe kijiti katikati. "Nondo akitoka mabawa yake yamejikunja. Lazima apande, aning'inie, ndipo yanyooke. Asipopata pa kupanda, yatakauka vile vile, basi, hataruka kamwe." Tuliandika maneno hayo. Niliyaandika kwa mkono wangu.

Mama Mumbi alikataa minyoo nyumbani mwake, kwa hiyo makopo yote mawili, yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, yalikaa kwenye dirisha langu. Wangu alitoka wa kwanza, Jumapili asubuhi. Alipanda kijiti akaning'inia, na mabawa yakashuka polepole mpaka yakanyooka kabisa. Nilimchora, nikamwachia dirishani, akaenda. Daftari langu likawa limekamilika. La Mumbi lilibaki na nafasi moja tupu, ile ya nondo mzima, na siku ya kukusanya ilikuwa Ijumaa.

Jumatano jioni nilikuwa nimelala kitandani, na upande wa pili nikasikia viti vikivutwa na Mama Mumbi akisema, "Karibu chai, Mwalimu." Ukuta ule haukuficha kitu. Nilisikia kijiko kikikoroga. Halafu Mwalimu Shadrack akasema, "Mama, nimekuja unipe ruhusa mapema. Daftari la Mumbi ndilo la kwanza. Nekesa ni wa pili, lakini ni mbali. Mumbi anaona. Kimebaki kitu kimoja tu, achore nondo mzima, kwa sababu wale watu wanataka kazi iliyokamilika. Akitoka kabla ya Ijumaa akamchora, msichana wako anakwenda."

"Na huyo dudu akikataa kutoka vizuri?"

"Hapo itabidi niwapelekee la Nekesa."

Mama Mumbi akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Huyu mtoto ameamka na mimi saa kumi tangu akiwa na miaka saba. Akienda, mimi nitachemsha ngwaci peke yangu na nitafurahi."

Sikulala vizuri. Nilimwonea Mumbi wivu mpaka mdomo ukawa mchungu. Niliwaza: yeye hata hataki kuondoka kama ninavyotaka mimi, yeye anaweza kukaa. Nilijiambia hivyo kwa sababu alikuwa mtulivu, na mtu asiyetulia hudhani mtulivu hana haja na kitu.

Alhamisi dada alikuwa na wageni wa maombi. Aliniambia niondoe lile kopo la udongo dirishani kabla watu hawajaja. Hilo ni kweli, na kwa miaka mingi nimelishika hilo kama mtu anavyoshika risiti. Nilichukua kopo la Mumbi nikalisukuma chini ya kitanda. Kijiti kiligonga springi, kopo likakataa kuingia. Ningeweza kuliweka nje chini ya ukingo wa paa, au jikoni, au kulipeleka kwa jirani. Nilikitoa kijiti. Nilikichomoa, nikakiweka juu ya sanduku langu la nguo, nikasukuma kopo mpaka ukutani. Nilijiambia wageni wakiondoka nitakirudisha. Wageni waliondoka saa kumi na mbili. Nilikiona kijiti pale nilipokuwa nikikunja shuka, nikakiona tena nilipokuwa nikichana nywele. Nilijua kazi yake. Nilikwenda kula.

Ijumaa asubuhi Mumbi alibisha kabla sijavaa viatu. Nilivuta kopo. Nondo alikuwa ametoka. Alikuwa akizunguka juu ya udongo, akikwangua ukuta laini wa kopo na kuteleza, akikwangua na kuteleza, na mgongoni alibeba vitu viwili vilivyokunjamana kama karatasi iliyofinywa mkononi, vimekwisha kukauka. Mistari ya waridi ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimefungua mdomo, na naapa sijui ungesema nini, lakini Mumbi alinitangulia. Alikaa sakafuni akaanza kulia.

"Ni mimi," alisema. "Nekesa, ni mimi. Jumanne ulipokwenda kuteka maji nilimtoa nikamuuliza. Mwalimu alitukataza na bado nilimshika. Nilitaka tu kujua kama nitakwenda."

Hakuuliza kijiti kiko wapi. Hakuona hata kwamba hakipo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa juu ya sanduku, hatua mbili kutoka alipokaa. Nikapiga magoti nikamshika bega. "Usijali," nikamwambia. "Usijali, Mumbi. Haya hutokea."

Alimchora vile alivyokuwa. Angeweza kubuni mabawa. Alikuwa amemwona yule wa asubuhi ya Jumamosi na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alichora ile mikunjo, kila moja, na chini akaandika kwamba alishikwa kabla ya wakati. Mwalimu Shadrack alilitazama daftari lile kwa muda mrefu, kisha akalifunga. Jioni kupitia ukutani nilimsikia Mumbi akimweleza mama yake, sentensi fupi fupi. Mama Mumbi hakupiga kelele. Alisema "Haya," akamwambia alete kuni.

Nilikwenda mimi. Wiki ya kwanza ya Januari nilipanda basi na sanduku langu, na Mumbi alinisindikiza, akanipa viazi vinne vya moto vilivyofungwa kwa gazeti. Kituoni nilifundishwa kazi, nikaijua, nikaipenda kwa namna yangu. Nimewabandika nondo wengi kwa pini na kuandika majina yao. Lakini sikukaa. Nimehamishwa kwa kuomba mwenyewe vituo saba, nimeolewa na kuachana, nimejenga nyumba nikaipangisha kabla rangi haijakauka. Watu husema nina bidii. Mumbi alichukua sufuria ya mama yake, akaongeza maharagwe na chapati, akawa na kibanda, akalea watoto watatu pale pale Mbotela, na wawili wamekwenda mbali kuliko nilivyowahi kwenda. Kila nilipopata habari zake nilizipokea kwa tamaa, nikitafuta mahali pa kusema, ona, hakuna kilichoharibika. Nilipapata mara nyingi. Kisha usingizi ukakataa vile vile.

Mchana ule wa matanga nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda akimenya viazi vya wageni. Alinikumbatia bila kufuta mikono. Nikavuta ndoo nikakaa juu yake, nikachukua kisu, tukamenya. Alinieleza jinsi mama alivyougua, jinsi alivyokuwa mkali hata kitandani. Alicheka kidogo, akachukua kiazi kingine. Nilijua nikisimama sitarudi. Basi nikasema nikiwa nimetazama kiazi.

"Mumbi, yule nondo wako. Si wewe uliyemharibu. Nilitoa kijiti kwenye kopo siku ile ya wageni wa dada, na sikukirudisha. Nilikuwa nimemsikia Mwalimu akizungumza na mama yako. Nilijua."

Kisu chake kiliendelea mpaka kiazi kikaisha. Alikitia ndani ya maji. "Ulikitoa wewe."

"Ndiyo."

"Na nilipokaa pale sakafuni nikilia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya kazi. Njia nzima nilikuwa nimepanga majibu: kwamba nafasi ile ilikuwa yake, kwamba nimekula maisha yaliyokuwa yake, kwamba anitukane. Hakutaja kazi. Ndani, akina mama wa kanisa walianza wimbo, na yeye akageuza uso kuelekea sauti ile, mikono yake iliyolowa ikiwa wazi juu ya magoti.

"Mama amelala miezi minne," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namlisha, namgeuza. Kila nikimshika alikuwa ananiambia, 'Pole pole, Mumbi, unajua hiyo mikono yako.' Ni tangu yule nondo; hata watoto wangu wenyewe walipozaliwa alikuwa ananiambia hivyo. Alisema hata ile Jumatatu ya mwisho, na mimi nikamjibu, 'Najua, Mama.'" Alinitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwapo. "Ungekuja hata mwezi uliopita, Nekesa. Ungemwambia yeye."